Historia: Neno moja la Kiingereza, maana mbili au tatu. Zilitoka wapi?

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala moja huko Croydon, kusini mwa London, wakiwa na nia ya kuiba. Mmoja aliitwa Derek Bentley, mwenye miaka 19. Mwingine aliitwa Christopher Craig, mwenye miaka 16, naye ndiye aliyekuwa na bastola. Polisi walifika, na mmoja wao akamkamata Bentley. Kufuatana na ushahidi wa polisi, hapo ndipo Bentley alipomwambia mwenzake maneno matano ya Kiingereza: "Let him have it, Chris."

Maneno hayo yanaeleweka kwa njia mbili. Ya kwanza: "Chris, mpe," yaani mkabidhi polisi hiyo bastola. Ya pili: "Chris, mtwange," yaani mpige risasi. Craig alifyatua, akamjeruhi polisi wa kwanza, na baadaye risasi ikamwua polisi mwingine, Sidney Miles. Wakati Miles anaanguka, Bentley alikuwa tayari mikononi mwa polisi.

Mahakamani vijana wote wawili walikana kwamba maneno hayo yalisemwa. Upande wa mashtaka ulishika maana ya pili. Craig hakuweza kunyongwa kwa sababu hakuwa ametimiza miaka 18. Bentley, ambaye hakuua mtu kwa mkono wake, alinyongwa tarehe 28 Januari 1953 katika gereza la Wandsworth, saa tatu asubuhi. Jamaa yake iliendelea kudai haki kwa miaka mingi. Tarehe 30 Julai 1998 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu ile, ikaona kwamba kesi haikuendeshwa kwa haki. Ilikuwa imepita miaka 45.

Maneno "let", "have" na "it" ni madogo. Mwanafunzi anayafundishwa katika wiki za kwanza kabisa za masomo. Na huku mashariki mwa Congo wanafunzi wa Kiingereza wanazidi kuwa wengi. Nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wafanyabiashara wanavuka mpaka kwenda Uganda kila siku. Familia nyingi zina ndugu waliokimbilia Uganda au Kenya, na wengine wamepelekwa Marekani kuanza maisha mapya. Wote hao wanakutana na swali moja: kwa nini neno moja la Kiingereza lina maana mbili, tatu, hata kumi, na mtu atajuaje ni ipi?

Jibu liko katika historia. Ukifuatilia maneno hayo hadi mwanzo wake, unakuta njia mbili. Yapo maneno ambayo ni moja tangu zamani, ila yamesafiri mbali yakaokota maana mpya njiani. Na yapo maneno mawili au matatu tofauti kabisa, yaliyotoka nchi tofauti, yakagongana yakawa na sura moja. Kwa macho yanafanana, lakini damu yao si moja.

Njia ya kwanza: neno moja lililosafiri

Tuanze na maneno ya mahakama, maana ndiyo yanayoumiza watu. Tarehe 14 Oktoba 1066, William, mtawala wa Normandie, alimshinda mfalme wa Uingereza katika vita vya Hastings. Tangu hapo wakubwa wa Uingereza walikuwa watu wa kusema Kifaransa. Mwananchi wa kijijini aliendelea na Kiingereza chake, lakini akiitwa mbele ya hakimu alisikia Kifaransa, na maandishi yalikuwa ya Kilatini. Ni mwaka 1362 tu ndipo sheria ilitolewa kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza, na hata hapo kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini. Karibu miaka 300 ilitosha kujaza Kiingereza maneno ya Kifaransa. Ndiyo sababu Mkongomani aliyesoma Kifaransa anayatambua mengi, na ndiyo sababu pia mengine yanamdanganya.

Chukua "charge". Anayetafuta mahali pa kuchaji simu anatumia neno lililozaliwa na mkokoteni. Warumi walikuwa na neno "carrus", gari la magurudumu lililokokotwa na wanyama, nao walikuwa wamelipata kwa Wagaul, wakaaji wa zamani wa Ufaransa ya leo. Kutoka hapo likaja tendo la kupakia mzigo, ambalo Kifaransa kinaita "charger". Waingereza wakalichukua. Kwanza lilikuwa mzigo juu ya gari. Halafu likawa mzigo juu ya mtu: kazi aliyopewa, deni analodaiwa, bei anayotozwa, na mwisho shitaka alilotwishwa. Bunduki nayo ilipakiwa baruti, na betri ilipokuja ikapakiwa umeme. Kwa hiyo mtu akisikia Marekani kwamba ndugu yake "has been charged", aulize haraka: ametozwa pesa, au ameshitakiwa? Neno ni lilelile, ila mzigo ni mwingine.

"Fine" nalo lina hadithi ya namna hiyo. Watu wanasalimiana "I am fine", yaani niko salama. Lakini polisi wa barabarani akikuandikia "fine", unalipa faini. Maana hizo mbili ni za mzee mmoja, neno la Kilatini "finis", yaani mwisho. Mfaransa bado anasema "fin" kwa mwisho na "finir" kwa kumaliza. Katika mahakama za zamani "finis" ilikuwa malipo ya kumaliza ugomvi: ukilipa, neno limekwisha. Upande wa pili, kitu kilichofikishwa mwisho wake, kikakamilika vizuri, kiliitwa "fin", na Kiingereza kikasema "fine": kizuri, laini, safi. Hata "finance" ni mtoto wa ukoo huo, kwa sababu lilianza kama kulipa na kumaliza deni.

La tatu ni "sentence". Kwa Kilatini "sententia" ilikuwa maoni, namna mtu anavyoona jambo. Maoni ya hakimu yakawa hukumu. Wazo kamili lililosemwa au kuandikwa likawa sentensi ya shuleni. Mwanafunzi wa Kongo hapa anakanyaga mtego maradufu. Kiswahili kilichukua "sentensi" kwa Kiingereza, nacho kinamaanisha maneno ya sarufi. Kifaransa kinasema "sentence" kwa hukumu, na cha sarufi kinaitwa "phrase". Kiingereza kimebaki na zote mbili. Mwalimu anaandika "sentence" ubaoni, na hakimu anatangaza "sentence" ya miaka mitano.

Maneno mengine yalisafiri kwa kufananisha vitu. "Crane" kwa Kiingereza ni ndege mwenye shingo ndefu na miguu mirefu, jamaa ya yule ndege wa kichwa cha taji ambaye Uganda imemfanya alama ya taifa. "Crane" pia ni mashine ya kuinua mizigo mizito bandarini. Karne nyingi zilizopita watu waliona mti mrefu ule ukiinama na kunyanyua, wakakumbuka shingo ya ndege. Wafaransa waliona vilevile: "grue" ni ndege, na "grue" ni mashine inayopakua makontena Matadi. Wagiriki wa kale nao waliita vyote viwili kwa jina moja.

Jambo hilo halikuishia zamani. Mwaka 1964 huko California, Douglas Engelbart na wenzake walitengeneza kijisanduku cha mbao chenye magurudumu chini na waya nyuma, cha kusogeza alama kwenye kioo cha kompyuta. Waya ule ulionekana kama mkia, wakakiita "mouse", panya. Kilionyeshwa hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Leo Mfaransa anasema "souris", na Mswahili anasema kipanya. Hapo tunaona maana mpya ikizaliwa, na tarehe yake tunaijua.

"Spring" ni la zamani zaidi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa kuruka, kuchomoka. Maji yanayochomoka ardhini yakaitwa "spring", chemchemi. Majira ambayo majani yanachomoka baada ya baridi yakaitwa "spring". Chuma kilichokunjwa ambacho ukikibana kinaruka kikaitwa "spring", ndiyo springi ya gari. Ukilishika wazo la kuruka, maana zote tatu zinakaa vizuri kichwani. Mfaransa ana maneno matatu mbalimbali kwa hayo: "source", "printemps" na "ressort".

Njia ya pili: maneno yaliyogongana

Kabla ya Wafaransa kufika, Uingereza ilikuwa imekwisha kupokea wageni wengine. Waangli na Wasaksoni walivuka bahari tangu karne ya 5, wakaleta lugha iliyokuwa mama wa Kiingereza. Mwaka 793 mabaharia wa Skandinavia, Waviking, walishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne. Baadaye wengi wao walikaa, wakalima, wakaoa. Lugha zao zilikuwa karibu, na katika kusikilizana watu walipunguza miisho mirefu ya maneno. Kiingereza cha kale kilikuwa na miisho mingi. Ilipoanguka, maneno yaliyokuwa tofauti yalibaki mafupi, na mengine yakafanana.

Mfano ni "bark". Kubweka kwa mbwa ni neno la Wasaksoni, "beorcan". Ganda la mti ni neno la Waviking, "börkr". Leo yote mawili ni "bark", ingawa hakuna aliyewahi kuona uhusiano wa mbwa na ganda la mti. Vilevile "bat", fimbo ya kuchezea mpira, ni la Wasaksoni, lakini popo alikuwa na jina la asili ya Skandinavia, "bakke". Ni katika karne ya 16 ndipo watu walianza kumwita "bat".

"Match" ni mgongano wa Wasaksoni na Wafaransa. Mechi ya mpira ni mtoto wa neno la kale la Kiingereza lililomaanisha mwenzi, mtu wa kulingana naye. Timu mbili zikikutana, kila moja inampata mwenzake wa kupimana naye nguvu. Lakini "match" ya kuwashia moto ilitoka katika Kifaransa cha kale, "meiche", utambi wa taa. Kifaransa cha leo kinasema "mèche", nalo ni neno ambalo kila mwanamke anayesuka nywele Bukavu au Lubumbashi analijua, kwa maana utambi na msuko vinafanana. Zamani "match" ilikuwa utambi wa kuwashia bunduki na mizinga. John Walker, muuza dawa wa mji wa Stockton-on-Tees, ndiye aliyetengeneza kijiti kinachowaka kwa kusuguliwa mwaka 1826, akaanza kukiuza mwaka 1827. Jina la utambi likahamia kwenye kijiti.

"Date" ni la namna nyingine: maneno mawili yaliyopita Ufaransa, yakafika Uingereza yakiwa na nguo moja. Tarehe ilitoka katika Kilatini "data", yaani imetolewa. Barua za Warumi ziliandikwa kwamba "imetolewa Roma, siku fulani", na neno hilo la kwanza likawa jina la siku yenyewe. Tende, lile tunda, wataalamu wengi wanalifikisha kwa neno la Kigiriki la kidole, "daktylos", kwa sababu ya umbo lake. Kifaransa kimeyatenganisha kwa herufi moja: "date" na "datte". Kiingereza hakikujali. Halafu Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakaongeza la tatu: "date" ni miadi ya mvulana na msichana.

"Pound" imekusanya maneno matatu. Kuna kutwanga, kama sombe kwenye kinu: hilo ni la Wasaksoni. Kuna zizi la kufungia wanyama waliopotea, nalo ni neno lingine la kale. Na kuna uzito na pesa, kutoka Kilatini "libra pondo", ratili moja kwa kupimwa. Paundi ya pesa ilianza kama ratili moja ya fedha, ambayo ilitengenezwa senti 240. Hesabu hiyo ya 240 ilidumu Uingereza hadi tarehe 15 Februari 1971, ilipobadilishwa kuwa 100. Alama ya paundi, £, ni herufi L ya "libra". Msomaji anayecheka Kiingereza akumbuke "livre" ya Kifaransa: "le livre" ni kitabu na "la livre" ni ratili. Nayo ni maneno mawili ya Kilatini yaliyogongana.

Lakini mgongano mkali kuliko yote uko katika neno la kwanza la kesi ya Bentley, "let". Kiingereza cha kale kilikuwa na "lætan", kuruhusu, kuacha. Kilikuwa pia na "lettan", kuzuia. Miisho ikaanguka, yote mawili yakawa "let". Kwa muda mrefu neno moja lilikuwa na maana ya kuruhusu na maana ya kuzuia. Maana ya pili imekaribia kufa, ila haijafa kabisa. Katika pasipoti ya Uingereza bado kuna ombi kwamba mwenyewe apite bila "let or hindrance", yaani bila kizuizi. Na katika tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu, mwamuzi anaita "let": umezuiwa, rudia.

Ndugu waliopotezana wakakutana tena

Yapo maneno ambayo hayaingii vizuri katika njia hizo mbili. "Bank" ni mfano. Ukingo wa mto ni "bank", na mahali pa kuweka pesa ni "bank". La mto lilitoka kwa watu wa Skandinavia. La pesa lilitoka Italia, kwa neno "banca", lililomaanisha benchi au meza ndefu. Wabadilishaji wa pesa wa miji ya Italia walikaa barabarani, kila mmoja na benchi lake na sarafu zake juu. Picha hiyo si ngeni kwa mtu wa Goma, Bukavu au Uvira, ambako wabadilishaji wa pesa, wale wanaoitwa "cambistes", wanakaa kando ya barabara na meza ndogo yenye vifungu vya franga. Benki kubwa za dunia zilianza hivyo. Aliyefilisika aliitwa mtu wa "banca rotta", benchi lililovunjika, na Kiingereza kinasema "bankrupt".

Cha ajabu ni kwamba Waitaliano nao walilipata neno hilo kwa watu wa lugha za Kijerumani, ambao shina lao moja lilikuwa kitu kilichoinuka: tuta la udongo au kiti kirefu. Kwa hiyo "bank" ya mto, "bank" ya pesa na "bench" ya kukalia ni jamaa. Waliachana zamani, mmoja akapita Skandinavia, mwingine akapita Italia, wakakutana tena London. Na sisi Waswahili tumepokea wawili: benki na benchi.

"Pupil" nalo ni hivyo. Ni mwanafunzi, na ni mboni ya jicho. Kilatini kilikuwa na "pupa", msichana mdogo au mwanasesere. Mtoto yatima aliyelelewa chini ya mlezi aliitwa "pupillus", na mtoto aliye chini ya mlezi ndiye baadaye akawa mwanafunzi chini ya mwalimu. Upande wa jicho, Warumi waliangalia ndani ya jicho la mtu wa karibu wakajiona wadogo mle ndani, kama mwanasesere. Kifaransa kimetunza zote mbili pia: "pupille" ya jicho, na "pupille de la nation", mtoto ambaye taifa limechukua ulezi wake.

Kuna pia mambo ya kinyume, ambapo neno moja lilikatwa kuwa mawili. "Flour" ni unga wa ngano, "flower" ni ua, na yanasikika sawa. Zamani lilikuwa neno moja: unga mweupe ulikuwa ua la ngano, yaani sehemu yake bora, kama Wafaransa wanavyosema "fleur de farine". Waandishi wa miaka ya baadaye ndio waliowapa kila mmoja herufi zake. Tangu hapo watu wakasahau kwamba ni pacha.

Nani alifuatilia haya yote?

Haya hayakujulikana kwa kubahatisha. Mwaka 1857 chama cha wanalugha cha London kiliamua kwamba kamusi zilizopo hazitoshi. Mwaka 1879 kazi ya kuhariri kamusi mpya ilipewa James Murray, mwalimu wa shule aliyeacha masomo akiwa na miaka 14 na kujifunza mengine mwenyewe. Alijenga kibanda cha bati katika kiwanja chake, akakijaza vijisanduku. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walisoma vitabu, wakaandika kila neno kwenye kikaratasi pamoja na mahali lilipoonekana, wakamtumia kwa posta. Vikaratasi vilifika kwa mamilioni. Kwa kuvipanga kwa miaka yake, Murray na wenzake waliweza kuona neno lilianza lini na maana ipi ilizaliwa kwanza.

Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1884, nayo ilifika kutoka A hadi "ant", siafu, basi. Murray alifariki mwaka 1915, kazi haijaisha. Ilikamilika mwaka 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 400,000. Katika toleo la mwaka 1989, neno moja dogo, "set", lilipewa maana zaidi ya 400. Na hata humo kuna wageni wawili: "set" ya kuweka ni ya Wasaksoni, lakini "set" ya kundi, ambayo Kiswahili kinaita seti, ina mizizi katika Kilatini "secta", wafuasi.

Wenyewe pia wanateleza

Mtu anayejifunza Kiingereza asione haya akikosea, maana wenyewe wanakosea. Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alieleza katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa muda mrefu juu ya hati moja. Waingereza walitaka "to table it". Kwao ni kuiweka mezani ijadiliwe mara moja. Kwa Wamarekani, "to table" ni kuiacha mezani, yaani kuiahirisha. Walikasirikiana, kumbe pande zote mbili zilitaka kitu kilekile. Meza ilikuwa moja, na tendo lilikuwa moja. Ila upande mmoja wa bahari kitu kilichowekwa mezani kinaangaliwa, na upande wa pili kinasahauliwa.

Kiswahili nacho kimepita njia hizo

Neno hilo la meza linaturudisha nyumbani. "Meza" ya kulia chakula Waswahili waliipata kwa Wareno, wanaosema "mesa". "Meza" ya kumeza dawa ni ya Kibantu tangu mababu. Ni maneno mawili yaliyogongana kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kama "bark" ilivyogongana Uingereza. Huko Tanzania na Kenya wana "bodi" ya shule, kutoka "board" ya Kiingereza, ambayo mwanzo ilikuwa ubao na halafu meza ya kikao. Wana pia "bodi" ya gari, kutoka "body", mwili. Na "kaa" ni mnyama wa majini, ni kipande cha moto, na ni kuketi.

Huku Congo watu wanachekwa mara nyingi kwamba Kiswahili chao kimechanganyika, kwamba kimeokota maneno ya Kifaransa na ya lugha za makabila. Historia ya Kiingereza inaonyesha kwamba lugha inayotafutwa leo duniani kote iliokota kwa Wasaksoni, kwa Waviking, kwa Wafaransa, kwa Waitaliano na kwa Wagiriki, na kwa karibu miaka 300 ilikuwa lugha isiyosikika hata katika mahakama za nchi yake. Kuchanganyika hakukuiua.

Mwanafunzi anaweza kuchukua faida mbili hapa. Akikutana na neno lenye maana nyingi, atafute kwanza kama kuna wazo moja chini yake, kama kuruka katika "spring" au mzigo katika "charge". Akilipata, hatakariri tena maana kumi mbalimbali. Asipolipata, kama katika "bark" au "date", ajue kwamba ni maneno mawili, ayaandike katika daftari kama maneno mawili, asipoteze muda kutafuta undugu usiokuwapo.

Na kwa yule aliye mbele ya ofisi ya wakimbizi, ya polisi au ya mahakama katika nchi ya Kiingereza, neno likionekana kuwa na njia mbili, aombe lirudiwe kwa maneno mengine kabla ya kujibu au kutia saini. Ana haki ya kuomba mkalimani. Akisikia "fine", "charge" au "sentence", aulize: kwa maana ipi? Swali hilo linachukua nusu dakika.